Mwalimu, Nilipeleke Wapi?

Swali lilinipata Makutano, mjini Meru, kipande cha chapo kikiwa mkononi. Aliyeliuliza ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha pale Nchiru. Alikuwa amepanda matatu kuja mjini ili nimsomee mashairi yake. Hakubeba daftari. Mashairi yote yalikuwa ndani ya simu, kwenye WhatsApp, pale ambapo huwa anajitumia ujumbe mwenyewe. Yalikuwa arobaini na matatu. Nilisoma sita. Mawili yalikuwa ya kawaida tu, matatu yalikuwa mazuri, na moja lilinifanya niiache chai ipoe. Lilimhusu mama yake, anayefunga miraa usiku wa manane, vidole vikiijua kazi hata macho yakiwa yameshalala.

"Mwalimu," akaniuliza, "hili nilipeleke wapi?"

Mimi si mwalimu wake. Ananiita hivyo kwa sababu niliwahi kuendesha warsha ya ushairi ya siku mbili, na huku kwetu ukishika chaki mara moja cheo hakikutoki tena. Basi nikamjibu kwa haraka ya makanga anayejaza gari: kuna gazeti, kuna tuzo, kuna majarida ya mtandaoni, kuna antholojia, kuna majukwaa. Yeye akaandika yote. Akashukuru, akapanda gari, akaenda zake.

Nilibaki pale na aibu kidogo. Nilikuwa nimemtajia steji zote bila kumwambia nauli. Na kila mlango niliomtajia, mimi mwenyewe nimeshaupitia au nimeshaubisha, kwa hiyo najua kila mmoja unalidai shairi kitu kabla halijaingia. Wakati mwingine ni pesa. Mara nyingi ni kitu kingine, ambacho hata hukioni kikitoka mfukoni.

Kwa hiyo makala haya ni lile jibu, ila safari hii nalitoa polepole. Kila mahali nitapapima kwa maswali matatu. Nani atalisoma shairi langu pale? Nani atalikata, yaani nani atakaa nalo na kuniambia mstari huu hauko sawa? Na baada ya miaka kumi, mtu akilitaka, atalipata wapi?

Tuanze na mlango wa wazee wetu. Washairi wa Kiswahili wametuma mashairi magazetini kwa zaidi ya miaka mia moja. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na Shaaban Robert mwenyewe ni mmoja wa walioandika humo. Hapa Kenya, Taifa Leo limeiendeleza desturi hiyo kwa ukurasa wake wa mashairi.

Kwenye swali la msomaji, sidhani kuna mahali panapolishinda gazeti. Linafika kwa kinyozi, linafika kwa fundi wa viatu, na linasomwa hata likishageuka karatasi ya kufungia mandazi. Tena wasomaji wake hujibu. Mtu wa Maua anaweza kutupa swali kwa beti sita, na wiki chache baadaye mtu wa Malindi akamjibu kwa vina vilevile. Majarida yetu ya kisasa yenye kurasa za kupendeza hayana kitu kama hicho. Sisi tunapewa alama za moyo na vidole gumba. Wale wanapewa beti nane za kuambiwa wamekosea.

Kwenye kukata, hapo kuna kasoro. Jicho la ukurasa wa namna hiyo huhesabu kwanza: mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, mishororo minne. Shairi huru likibisha hodi huwa mgeni. Sitaki kufufua ugomvi wa arudhi wa miaka ya 1970, wakati Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, nao Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Ugomvi ule una umri wa wazazi wetu na sote tunajua ulikoishia: mashairi ya aina zote mbili yapo, mazuri na mabovu. Arudhi si adui wangu. Nauli ya gazeti niliyoilipa mimi ilikuwa nyingine.

Shairi langu la kwanza kuchapishwa gazetini lilikuwa na beti saba, vina vimejipanga kama askari wa gwaride. Lilihusu jahazi. Wakati huo sikuwa nimeiona bahari. Maji makubwa zaidi niliyoyajua yalikuwa ya mto Kathita ukiwa umefura mwezi wa nne. Jahazi nililitoa wapi? Hakuna mhariri aliyeniambia niandike kuhusu jahazi. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma na kudhani kwamba shairi la Kiswahili sharti liwe na chumvi ndani yake ndipo liitwe shairi. Mama alinunua nakala mbili za gazeti lile, akampa moja mchungaji. Mpaka leo nikiikumbuka naona haya, si kwa sababu ya vina.

Hilo ndilo kosa ambalo watu wa bara hufanya tukiingia kwenye ushairi wa Kiswahili, na sitaki kumsingizia mtu mwingine yeyote. Tunadhani kumfuata Muyaka bin Haji ni kuiga bahari yake. Lakini Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, hakuitafuta bahari ili apendeze. Ilikuwa mlangoni kwake. Aliimba mji wake: siasa za Mombasa, biashara, mapenzi, vita. Kumfuata Muyaka ni kwenda Gakoromone asubuhi siku ya soko na kusikiliza watu wanavyogombana juu ya bei ya ndizi. Ukifanya hivyo kwa mizani kumi na sita, sawa. Ukifanya bila, pia sawa.

Na kwa kuwa tumemtaja Muyaka, angalia swali langu la tatu lilivyomkuta. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu. Yaliokolewa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa na mmisionari W. E. Taylor waliokuwa wakiyakusanya, na diwani ikatoka Johannesburg mwaka 1940 chini ya mkono wa William Hichens. Miaka mia moja kamili baada ya kifo chake! Hatuwezi kujua mangapi yalipotea njiani. Shairi la gazeti nalo, bila mtu wa kulikata kwa makasi na kulitunza, maisha yake ni siku moja.

Mlango wa pili ni kitabu. Hapa tunapenda sana kusimuliana kisa cha Abdilatif Abdalla, na tunakisimulia vibaya. Tunasema: mtu alifungwa kwa sababu ya kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? cha mwaka 1968, akaandika mashairi gerezani kwenye karatasi za choo, kwa hiyo wewe acha kulalamika kwamba huna mahali pa kuchapisha, andika tu. Kisa ni cha kweli, lakini funzo tunalolitoa lina pengo. Karatasi za choo hazikujichapisha. Sauti ya Dhiki ilitolewa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1973, mara tu baada ya kifungo chake cha 1969 hadi 1972, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Yaani serikali ilimfunga mtu, na tuzo yenye jina la rais yuleyule ikampa kitabu chake heshima. Pasingekuwa na wachapishaji Nairobi walioona kwamba diwani ya mashairi ni biashara ya kawaida, ujasiri wote ule ungebaki ndani ya mfuko. Nyumba hiyohiyo ilikuwa imetoa Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir mwaka 1971.

Leo mambo ni tofauti, na sababu si kwamba wahariri wamekuwa wabaya. Soko la vitabu Kenya ni shule. Sasa kumbuka karatasi ya tatu ya Kiswahili uliyoifanya KCSE. Riwaya ina kitabu teule. Tamthilia ina kitabu teule. Hadithi fupi zina kitabu teule. Ushairi je? Unaletewa shairi ambalo hujawahi kuliona, unaambiwa taja bahari zake, eleza toni, onyesha uhuru wa mshairi. Ushairi unatahiniwa nchi nzima lakini hakuna diwani inayonunuliwa kwa ajili ya mtihani huo. Mchapishaji anajua hilo. Kwa hiyo unapompelekea mswada wa mashairi na anakwambia hauna soko, hakutukani. Anakusomea tu mtaala.

Katika hali hiyo, mtu anayenifaa zaidi kumsoma ni jirani yetu, Kithaka wa Mberia. Ametoka Tharaka, kwenye nyanda kavu za mashariki ya Mlima Kenya, mahali ambapo hakuna jahazi hata la kuchora. Mchezo wa Karata ilitoka 1997, Bara Jingine 2001, Redio na Mwezi 2005. Zote ni diwani za mashairi huru, nyingine maneno yake yamepangwa ukurasani mpaka ukurasa wenyewe ukawa sehemu ya maana. Na zote zina jina moja la mchapishaji: Marimba Publications, nyumba ndogo ambayo jina lake limefungamana na kazi zake. Ndilo jina lililoko pia kwenye tamthilia zake Natala na Kifo Kisimani, na hii ya pili iliwahi kuwa kitabu teule cha KCSE.

Nikiiangalia rafu hiyo, naona mpango ambao wengi wetu hatujauelewa. Mtu ana tamthilia zinazoingia madukani kupitia mlango wa shule, na kando yake ana mashairi ambayo mlango huo hauyatambui. Sisemi alipanga hivyo. Nasema ukizisoma kazi zake pamoja, unaona mashairi hayakuhitaji kuomba ruhusa. Hayajajikunja ili yawe ya mtihani. Hayakuvaa kanzu ya kuazima ili yakubalike. Na yanapatikana: kitabu kina namba, kina jina la mchapishaji, kiko kwenye katalogi. Ukienda maktaba kutafuta Mchezo wa Karata mwaka huu, unatafuta kitu kilichotoka karibu miaka thelathini iliyopita, na hakuna anayekuuliza "ni nini hicho?"

Ila kuna hatari ya kutumia mfano wake kama kisingizio. Nimewasikia vijana wakisema, "Hata Mberia ana mchapishaji wake, na mimi najichapishia." Halafu wanapeleka faili kwa mpiga chapa wa River Road, wanatoa nakala mia, na tisini zinakaa chini ya kitanda. Kupiga chapa na kuchapisha ni vitu viwili. Namba ya ISBN unaiomba Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, hiyo si kazi ngumu. Ngumu ni kumpata mtu asiyekupenda sana akusomee mswada na akutoe mashairi kumi na tano. Anayejichapishia hana wa kumkata asipomtafuta, na wengi hatumtafuti kwa sababu ndani ya roho tunajua atakachosema.

Mlango wa tatu ni tuzo. Ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imefanya jambo ambalo nalishukuru: imewafanya watu wamalize vitabu. Ina kitengo cha ushairi, inapokea mswada mzima wala si shairi moja, na mwaka wake wa kwanza, 2015, N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoshinda, kisha ikachapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Ghassani ni mtu wa Pemba aliyekuwa akiishi Ujerumani. Ukimsoma unaona tuzo haikumtaka awe mtu wa mahali pengine.

Nauli ya tuzo ni nini basi? Ni muda, na ni upweke. Unatuma, unasubiri, jina lako halimo, na hakuna anayekwambia kwa nini. Swali la pili, la kukatwa, tuzo hailijibu kwa asiyeshinda. Nimewahi kutuma mswada uleule mara mbili bila kubadilisha hata nukta, nikitumaini kwamba waamuzi ndio watabadilika. Hiyo, wasomaji wangu, ni stori ya jaba. Tuzo ni nzuri kwa mtu aliyeshaandika kitabu kizuri. Haiwezi kumfundisha mtu kukiandika.

Mlango wa nne ndio huu tulio ndani yake sasa hivi, majarida. Kwani? lilianza Nairobi mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya Binyavanga Wainaina kushinda Tuzo ya Caine, na likatuonyesha kwamba Sheng inaweza kukaa kwenye kitabu kilichoshonwa vizuri. Jalada likaja mwaka 2013, na mwaka 2016 likaitafsiri hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o kutoka Kikuyu kwenda lugha nyingi za Afrika, tukaona inawezekana. Lolwe likafuata 2020. Clifton Gachagua, Mkenya, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Sillerman ya diwani ya kwanza mwaka 2013, kitabu chake kikatoka Marekani.

Lakini tuseme ukweli. Milango mingi kati ya hiyo imeandikwa Kiingereza juu. Kiswahili huja na toleo maalumu, kama mgeni wa Krismasi: anachinjiwa kuku, anapigwa picha, na Januari harudi. Kijana wa Meru akitaka kusomwa na wenzake wa Lagos na Accra anajikuta anaandika shairi kwa Kiswahili kisha analitafsiri usiku, na asubuhi hajui tena lipi ni lake. Nimefanya hivyo. Shairi langu moja la Kiingereza lilisifiwa kwa mstari ambao kwa Kiswahili ulikuwa mbovu. Ubovu wake ulipotea kwenye tafsiri, kama vile mtu mchokozi anavyoonekana mpole akiwa ugenini.

Na hifadhi? Jarida moja la mtandaoni lilichapisha mashairi yangu matatu, kazi safi, picha nzuri. Miaka minne baadaye tovuti ilikufa. Hakukuwa na ubaya, waliokuwa wakiiendesha walipata kazi, wakaoa, wakachoka, ada ya tovuti haikulipwa. Sasa ukibonyeza kile kiungo unaambiwa ukurasa haupo. Kwenye wasifu wangu nimeandika nilichapishwa hapo, na ni kweli, lakini ni kama kusema una shamba mahali palipoliwa na mto. Tangu siku hiyo kila kitu changu kinachotoka mtandaoni nakipiga chapa na kukiweka kwenye faili, kama mzee wa magazeti.

Kuna mlango wa tano ambao ningependa kuupita kimya, ila kijana yule aliuandika kwenye orodha yake kwa sababu yangu. Antholojia za kulipia. Mimi nililipa. Sitaitaja ni ipi, na si moja tu. Tangazo lilisema sauti mpya za Afrika Mashariki. Nilituma shairi saa nne asubuhi, saa nne na robo nikaambiwa limekubaliwa. Robo saa! Hapo ndipo ningejua. Nikaombwa shilingi elfu tatu za "kuchangia uchapishaji" na kuahidi kununua nakala tano. Kitabu kilipofika, jina langu lilikuwa na herufi moja zaidi na shairi langu lilikuwa limeunganishwa na la mtu mwingine bila hata nafasi katikati. Ajabu ni kwamba yalisomeka vizuri tu pamoja. Hiyo ilinitia huzuni zaidi ya kosa lenyewe, kwa sababu ilionyesha sote wawili tulikuwa tumeandika shairi lilelile.

Pima mlango huo kwa maswali yangu. Msomaji: sisi wenyewe tuliolipa. Mkataji: hakuna. Hifadhi: nakala tano kabatini. Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi. Kama pesa inatoka kwako kwenda kwao, na hakuna aliyekuuliza swali hata moja kuhusu mstari wako hata mmoja, huo si uchapishaji. Ni risiti.

Sasa nieleze mahali ambapo sikumtajia, kwa sababu sikuwahi kupahesabu.

Nyanya yangu alipofariki, niliombwa kuandika shairi la kutiwa kwenye kijitabu cha mazishi. Unavijua: picha ya marehemu mbele, wasifu, orodha ya watoto na wajukuu, ratiba ya ibada, nyimbo nyuma. Kwa Kiswahili, kwa sababu wakwe walikuwa wanatoka Kitui na Kisumu, na Kimeru kingewaacha nje. Niliandika beti nne. Shangazi yangu akazisoma tukiwa tumesimama kwenye saiba moja ya Nkubu, kijana wa kompyuta akisubiri. Kwenye ubeti wa tatu nilikuwa nimesema nyanya alibeba yote bila kulalamika.

"Toa hiyo," shangazi akasema. "Mama alilalamika kila siku. Alimlalamikia chifu, akawalalamikia kuku, akamlalamikia Mungu. Ukiandika hivyo watu watafikiri tunamzika mwingine."

Niliuondoa ubeti ule palepale, nikaandika mwingine wenye chifu, kuku na Mungu ndani. Zikatolewa nakala mia mbili. Siku ya mazishi shairi liliposomwa, watu walicheka hapo kwenye kuku, kisha kicheko kikakatika ghafla, na nilisikia mtu akijifuta pua. Sijawahi kusomwa hivyo kabla wala baada ya hapo. Miaka sita baadaye nilienda kumtembelea jirani, akafungua Biblia yake kutafuta miwani, na kile kijitabu kikaanguka kutoka ndani.

Msomaji, mkataji, hifadhi. Karatasi ya saiba ilinipa vyote vitatu, na shangazi yangu ndiye mhariri bora niliyewahi kuwa naye.

Najua hapa ndipo ningetakiwa kusema kwamba milango mingine yote ni upuuzi na tuandike mashairi ya matanga. Hapana. Mahali hapo pia pana nauli. Shairi la mazishi haliwezi kutaja kesi ya shamba. Haliwezi kusema nani hakuja hospitalini. Limeruhusiwa kuchekesha kidogo, lakini mwisho lazima lisifu, na mshairi anayesifu tu ataishia kuwa mtu wa kukodishwa. Tulivyo na wanasiasa wengi wanaopenda kusifiwa, soko lipo, tena linalipa kuliko tuzo. Jahazi nililiazima gazetini, na pale kaburini kulikuwa na mambo niliyoyameza. Hakuna mlango wa bure.

Ninachokisema ni kidogo tu kuliko hicho. Sisi tunaoandika kuhusu ushairi tumezoea kuuliza shairi ni zuri au baya, kana kwamba liliangukia ukurasani kutoka mbinguni. Halafu upande wa pili tunawapa vijana orodha za mahali pa kutuma, kana kwamba mahali ni bahasha tu. Ukisoma shairi la gazeti, la tuzo, la jarida na la matanga, angalia limekatwa na nani na linamtazama nani. Nusu ya tunachokiita mtindo ni alama za mlango lililopitia.

Wiki mbili baada ya siku ile ya Makutano nilimtumia yule mwanafunzi ujumbe wa sauti, mrefu kiasi cha kuaibisha. Nikamwambia haya yote kwa ufupi. Kisha nikamuuliza: mama amelisikia shairi lake? Akasema hapana, mama si mtu wa mashairi. Nikamwambia amsomee kwanza, kabla ya mhariri yeyote.

Alinijibu Jumapili. Alikuwa amemsomea jikoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza, "Kwani ni nani anafunga miraa usiku wa manane?" Kwao huchumwa alfajiri na kufungwa asubuhi, mbio mbio, kwa sababu gari la Nairobi halimngoji mtu, na ikinyauka imeisha bei. Usiku mama hulala. Analala kama gunia, ndivyo alivyosema.

Mstari ule ndio ulioifanya chai yangu ipoe. Mimi, mzaliwa wa Meru, mhakiki, mwalimu wa siku mbili, niliusifu. Nilikuwa nimeziona picha nyingi za mama wa mashairi, anayeteseka gizani taa ikififia, mpaka sikukumbuka kuuliza saa. Lilikuwa jahazi langu lilelile, safari hii limebeba miraa.

Amelibadilisha. Sasa shairi lina jua, lina majani ya mgomba, lina honi ya dereva barabarani na mama anayemtukana dereva huyo bila kuinua macho. Anasema limekuwa na kelele na halipendezi kama lile la kwanza. Sina hakika kama ni kweli. Bado halijachapishwa popote, na anasema halina haraka, atalipeleka likishakaa sawa, pengine gazetini, pengine alitie kwenye mswada wa tuzo. Nimemwambia anisomee tena tukikutana mjini, na kwamba safari hii nitaimaliza chai kwanza.